Ndesa Pesa na Kiti cha Moshi Mjini



Anayeshuka kutoka Kidia au Tsuduni kwenda Moshi mjini huvuka mpaka bila kujua. Huku juu ni Old Moshi Mashariki, Old Moshi Magharibi na Mbokomu, na wakazi wake humpigia kura mbunge wa Moshi Vijijini. Akifika Kiboriloni, penye vumbi la soko na marundo ya mitumba, tayari yuko ndani ya Manispaa, jimbo la Moshi Mjini. Migomba ni ile ile, salamu ni zile zile, na mwenye duka anaitwa Mangi juu na chini. Kilichobadilika ni karatasi ya kura tu. Mji wenyewe jina ulilichukua huku kwetu: reli ya kutoka Tanga ilipofika bondeni mwanzoni mwa miaka ya 1910, Wajerumani wakahamishia ofisi zao huko, jina likashuka nazo, na mlimani tukabakiwa na hilo neno "Old" ambalo miaka yote hii hakuna aliyejisumbua kulitafsiri.

Nimeanza na mpaka huo kwa sababu ninayetaka kumzungumzia alikuwa mtu wa upande huu wa mlima aliyeaminiwa na wapiga kura wa bondeni. Philemon Ndesamburo alizaliwa tarehe 19 Februari 1935. Alikuwa mfanyabiashara, mwenye hoteli ya Keys, mmoja wa waasisi wa Chadema, na mbunge wa Moshi Mjini kwa vipindi vitatu mfululizo, kuanzia 2000 hadi 2015. Alifariki tarehe 31 Mei 2017 katika hospitali ya KCMC. Watu walimwita Ndesa Pesa, na jina hilo limemmeza. Mtaje leo kijiweni, kitu cha kwanza utakachosikia ni fedha: alitoa hiki, alichangia kile, alikuwa nazo. Hoja yangu jioni hii ni kwamba jina hilo linaficha kazi aliyoifanya. Mchango wake mkubwa haukuwa katika kutoa, na wala haukuwa katika kusema, maana Bunge la wakati wake lilikuwa na wasemaji waliotikisa nchi kuliko yeye. Mchango wake ulikuwa kukaa. Alikaa katika kiti kimoja na chama kimoja miaka 15, katika wakati ambao kukaa ndiko kulikokuwa kugumu.

Tuangalie hesabu, kwa kuwa hesabu haina itikadi. Vyama vingi vilirudi kisheria mwaka 1992, na Chadema ikapata usajili wa kudumu mwaka 1993 chini ya Edwin Mtei, yule gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Mwaka 1995 mkoa huu ulibebwa na wimbi la Augustino Mrema na NCCR-Mageuzi, na Chadema haikusikika sana. Mrema akahamia TLP, na mwaka 2000 majirani wa Moshi Vijijini wakamfuata huko, wakampeleka bungeni Thomas Ngawaiya wa TLP. Mjini hawakufuata. Walimchagua Ndesamburo. Mwaka huo Chadema ilipata majimbo manne tu nchi nzima: Moshi Mjini kwa Ndesamburo, Hai kwa Freeman Mbowe, Karatu kwa Dk. Willibrod Slaa, na Kigoma Mjini kwa Dk. Amani Walid Kabourou. Watu wanne! Wangetosha katika teksi moja.

Sasa fuatilia hao wanne walikoishia. Mwaka 2005 Mbowe aligombea urais, Hai ikarudi CCM. Kabourou alishindwa Kigoma Mjini, na baadaye akajiunga na chama hicho hicho kilichomshinda. Slaa alibaki na Karatu hadi 2010, alipoiacha ili kugombea urais. Aliyekalia kiti chake bila kukatika tangu 2000 hadi 2015 ni mmoja tu, naye ni mzee wa Moshi. Na tusisahau 2005 ulikuwa uchaguzi wa namna gani. Jakaya Kikwete alishinda kwa asilimia 80, CCM ikachukua majimbo 206 kati ya 232, na katika mkoa mzima wa Kilimanjaro, kuanzia Siha mpaka Same, jimbo lililobaki mikononi mwa upinzani lilikuwa Moshi Mjini peke yake. Vunjo ilirudi CCM, Moshi Vijijini ikarudi, Rombo ilikuwa kwa CCM. Upepo uliong'oa mabati ya kila nyumba ukaacha moja.

Utaniuliza: kukaa kuna kazi gani? Kiti hata paka hukikalia. Ni swali la haki, na jibu lake linategemea tunavyoelewa kazi ya mbunge. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Haisemi mbunge atajenga barabara, na haimpi bajeti ya kuijenga. Hata Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliotungiwa sheria mwaka 2009, ni fedha ndogo ukiilinganisha na mahitaji ya jimbo lolote. Msimamizi hahukumiwi kwa alichobeba mkononi. Huku kwetu jambo hilo tunalijua kwa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Mfongo wenye zamu zake una mzee anayeufuata toka unapoanzia hadi kihamba cha mwisho, yaani shamba la migomba lililo chini kabisa, akiangalia nani ameziba kwa udongo na gogo la mgomba usiku, na nani amenywesha bustani yake siku ya zamu ya mwenzake. Mzee huyo hachoti maji. Akimaliza kazi yake mikono yake ni mikavu. Lakini akikosekana wiki mbili, wa chini hawapati tone, na aliyeziba ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema mvua mwaka huu imekuwa haba.

Na usimamizi hauwezi kufanywa na watu wanaoanza upya kila baada ya miaka mitano. Chama cha upinzani kinachopoteza majimbo yake yote hupoteza ruzuku, maana ruzuku hufuata kura na viti, na hupoteza kumbukumbu pia: wanaojua kanuni za Bunge na wanaojua kusoma vitabu vya bajeti. Kipindi cha 2005 hadi 2010 Chadema ilikuwa na majimbo matano na viti maalumu sita. Kundi hilo dogo ndilo lililokuwemo bungeni wakati hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi inamletea Zitto Kabwe wa Chadema adhabu ya kusimamishwa mwaka 2007, na wakati sakata la mkataba wa umeme wa Richmond linamwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Simpi Ndesamburo sifa ya hoja zilizobebwa na wengine. Ninachosema ni kwamba hoja hizo zilihitaji chama chenye mahali pa kusimama, na mahali hapo palikuwa ni majimbo machache yasiyotikisika. Mwaka 2010 majimbo ya Chadema yakawa 23. Mbegu ya 23 ilihifadhiwa mahali fulani, na sehemu ya ghala hilo ilikuwa hapa Moshi.

Najua msikilizaji mmoja amekwisha kutikisa kichwa. Anasema: huyu anazunguka tu, Ndesamburo alikaa kwa sababu alikuwa na hela. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Mwaka 2000, mwaka ule ule alioshinda mara ya kwanza, sheria ya uchaguzi ilibadilishwa na kuhalalisha takrima. Mgombea aliruhusiwa kuwakirimu wapiga kura kwa kile kilichoitwa ukarimu wa jadi, na kila mtu alijua mpaka kati ya pilau na rushwa umefutwa. Mahakama Kuu iliifuta takrima Aprili 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja mwaka 2010. Kwa hiyo Ndesamburo aligombea mara mbili mlango wa fedha ukiwa wazi, na mara ya tatu ukiwa umerudishiwa angalau kwa maandishi. Alishinda zote tatu. Ingekuwa fedha ndiyo siri, mlango ulipokuwa wazi ulikuwa wazi kwa wote, na chama tawala hakikuwa maskini kuliko mwenye hoteli mmoja wa Moshi. Kura hupigwa faraghani. Mtu wa Pasua au Njoro anaweza kula pilau ya kijani mchana na asubuhi yake akapiga kura anakotaka, na wengi wamefanya hivyo bila kuona haya.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja alipokwisha kuondoka. Mwaka 2015, akiwa na miaka 80, Ndesamburo hakugombea tena. Chadema ilimsimamisha Jafary Michael, aliyekuwa meya wa manispaa. CCM ikamsimamisha Davis Mosha, mfanyabiashara anayejulikana nchi nzima, aliyewahi kuwa makamu mwenyekiti wa Yanga. Kama watu wa Moshi Mjini walikuwa wakichagua mfuko, mwaka huo mfuko ulikuwa upande wa pili. Walimchagua Jafary. Mtu anayesema kiti kile kilinunuliwa miaka 15 inabidi aeleze kwa nini, mnunuzi mkubwa alipofika sokoni, wenye mali walikataa kuuza.

Hata hivyo, sitaki kuitupa fedha nje kabisa, kwa sababu lipo neno la kweli ndani ya lile jina la utani. Mwanasiasa asiye na kipato kingine huishi kwa posho, na anayeishi kwa posho anajua kuwa kupoteza kiti ni kupoteza chakula. Mtu wa namna hiyo akifuatwa usiku na kuambiwa ahame chama, ana watoto shuleni wa kuwafikiria. Tumeshuhudia kuanzia 2017 wabunge na madiwani wakihama mmoja baada ya mwingine "kuunga mkono juhudi", wakajiuzulu na kugombea upya kwa tiketi ya chama walichokuwa wakikipinga jana yake. Ndesamburo hakuuhitaji mshahara wa Dodoma ili ale. Hilo lilimpa uti wa mgongo. Lakini wanaodhani mali ilimkinga wanasahau upande wa pili wa sarafu: mwenye hoteli ana mengi ya kukamatiwa. Ana leseni, ana kodi, ana afya na usalama, ana wafanyakazi, ana wageni wanaoogopa fujo. Katika nchi hii wafanyabiashara wengi walio na mali nyingi kuliko yake wamechagua kukaa kimya au kukaa karibu na wakubwa, na sababu yao ni hiyo hiyo mali. Fedha humpa mtu uwezo wa kukataa, ila haimpi nia. Nia aliileta mwenyewe.

Pingamizi la pili ndilo linalouma zaidi, na limesemwa majukwaani mpaka limekuwa kama methali: Moshi ilichagua upinzani, ikajinyima maendeleo. Hapa naomba twende polepole. Moshi iliyokuwa na fahari ilisimama juu ya kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa 1933, kilijenga shule, kikasomesha vijana, na jengo lake bado liko pale mjini. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, viliporudishwa 1984 vilikuwa vimeshapoteza nguvu, na hapakuwa na mbunge wa upinzani hata mmoja katika Tanzania ya wakati huo. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyolinda bei ya kahawa yalianguka, bei ikaporomoka duniani kote. Viwanda vya umma, kikiwemo cha magunia hapa hapa Moshi, viliyumba miaka ya 1980 na vikaingia kwenye ubinafsishaji miaka ya 1990. Yote hayo yalitokea kabla ya Ndesamburo kuapishwa. Ukimkuta mtu amesimama karibu na nyumba iliyoungua jana, usimkamate kwa kuwa leo ana kiberiti.

Tena tunalo jimbo la kulinganisha, na ni hili letu. Mwaka 2005 na 2010 Moshi Vijijini ilimchagua Dk. Cyril Chami wa CCM, ambaye alifikia kuwa Waziri wa Viwanda na Biashara. Simlaumu, hakuna waziri anayefufua kahawa kwa miaka miwili. Lakini kama kanuni ya "chagua chama tawala upate viwanda" ingekuwa ya kweli, basi sisi wa Old Moshi, Uru na Kibosho, tuliokuwa na waziri wa viwanda mwenyewe, tungekuwa leo tunasumbuliwa na ving'ora vya zamu ya usiku. Vijana wetu walishuka mjini kutafuta kazi kabla yake, wakati wake na baada yake. Na kanuni hiyo ina ubaya mwingine mbali na kutokuwa kweli. Barabara hujengwa kwa kodi, na kodi analipa mwenye duka la Mbuyuni hapa Moshi sawa na mwenye duka la Kisutu kule Dar es Salaam. Serikali inayosema itawanyima barabara waliopiga kura vibaya imekiri kwamba kodi yao imechukuliwa kwa kazi nyingine, na jambo la namna hiyo linamhitaji msimamizi zaidi, si pungufu.

Kuhusu pingamizi la tatu sina utetezi mrefu. Binti yake, Lucy Owenya, aliingia bungeni kwa viti maalumu vya Chadema kuanzia 2005. Huenda alistahili kwa uwezo wake, na wapo waliosema hivyo. Lakini viti maalumu hugawiwa na chama, havipigiwi kura na mwananchi, na baba alikuwa kigogo wa chama hicho mkoani. Chama kinachodai uwazi kwa wengine kilipaswa kuona mapema namna jambo hilo litakavyotazamwa. Hapo wakosoaji wana haki yao, na wachukue.

Kuna wanaodhani ukaidi wa kisiasa wa mji huu uliletwa na Ndesamburo, na hapo pia sikubaliani. Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwaka 1951, wakampokea kwa shangwe, na miaka tisa baadaye kura ya maoni ikamwondoa, nchi ingali chini ya Mwingereza. Petro Njau, aliyekuwa injini ya chama kilichompandisha Marealle, alikuwa mtu wa Old Moshi hapa. Lucy Lameck, mzaliwa wa Njoro hapo mjini, aliingia bungeni kabla ya uhuru, akawa naibu waziri wakati ambapo wanawake katika serikali walihesabika kwa kidole kimoja, na aliwapigania wanawake bila kumung'unya maneno, chama kikiwa kimoja na mwajiri wake akiwa Serikali yenyewe. Mji uliozoea viongozi wa aina hiyo haukumsubiri mtu mwenye hoteli aje kuufundisha kusema hapana. Alichofanya Ndesamburo ni kuipa tabia hiyo anwani ya kudumu. Kabla yake, hasira ya wapiga kura wa Kilimanjaro ilimfuata mtu mmoja kutoka chama hiki hadi kile. Kwa Ndesamburo ilitulia, ikapata ofisi, ikapata madiwani, na mwaka 2010 ikapata umeya.

Magazeti ya wiki aliyofariki yaliandika kwamba alizidiwa akiwa katika maandalizi ya kutoa rambirambi kwa wafiwa wa ajali ya Mei 6, ile iliyoua wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha kule Karatu. Wenye kupenda lile jina la utani wakasema: unaona, mpaka dakika ya mwisho ni pesa. Naona ni ajabu kumhesabia mtu hivyo. Alikuwa hana tena ubunge wala uchaguzi wa kuutafuta, na waliofiwa hawakuwa wapiga kura wa Moshi. Fedha isiyonunua kitu ina jina jingine katika Kiswahili.

Kilichofuata mnakijua. Mwaka 2020 Chadema ilitoka katika uchaguzi na jimbo moja nchi nzima, Nkasi Kaskazini, na Moshi Mjini ikaenda kwa Priscus Tarimo wa CCM. Mwaka 2025 chama hicho hakikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura. Wanaofurahi na wanaosikitika wana sababu zao, na redio si mahali pa kuwaamulia. Ila mgombea wa chama chochote atakapopanda tena kwenye gari lenye spika pale Majengo au Kiboriloni na kuahidi lami, msikilizaji, muulize atafanya nini siku Serikali yake itakaposema hapana. Na akisema mzee Ndesa alikuwa na pesa tu, mkumbushe hesabu hii: tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, wenye pesa wengi wamekitaka kiti cha Moshi Mjini, na aliyekikalia miaka 15 ni mmoja.